Windo la Kwanza: Mzazi na Kijana katika Historia ya Uwindaji wa Mboloko, Msitu wa Ituri

Watafsiri wa Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, walipofika kwenye Zaburi ya 42 walikutana na mnyama ambaye kiasili hayupo popote kusini ya Sahara. Wakamchukua pamoja na jina lake la Kiebrania, wakamwandika ayala. Tangu hapo Waprotestanti wa Bukavu, wa Kisangani na wa Lubumbashi humsoma ayala bila kumjua sura, na mtoto akimwuliza mwalimu wa shule ya Jumapili ni mnyama wa namna gani, huambiwa kwamba ni kama swala, ila pembe zake zina matawi na huanguka kila mwaka zikaota upya. Jibu hilo si baya.

Katika nchi za kaskazini ya dunia, mnyama wa jamii ya ayala ndiye ambaye mzazi humpeleka mwanawe aliyeanza kubaleghe kumwinda kwa mara ya kwanza, na sehemu kubwa ya malezi ya huko imefungamanishwa na asubuhi hiyo moja ya baridi. Kwetu katika Kongo mahali pake pamekaliwa na paa wa msituni, na wa kwanza wao, kwa wingi na kwa sifa, ni mboloko. Ni paa mdogo wa rangi ya kijivu iliyoingia ubuluu, mwenye uzito wa kilo nne hadi sita, mwenye pembe fupi ambazo mara nyingi hufichwa na nywele za utosini. Anajulikana kwa jina hilohilo kwa Wambuti na kwa wasemao Lingala, naye ndiye mjanja wa hadithi za jioni, kama vile sungura alivyo kwa watu wa pwani. Makala haya yanamfuata mnyama huyo mdogo ili kuchunguza jambo lililo kubwa kuliko yeye: mzazi wa Kimbuti humpa nini mtoto wake siku anapomchukua windoni kwa mara ya kwanza, na siku hiyo imepatwa na nini katika muda wa miaka mia moja na arobaini tangu wageni waanze kuandika habari za msitu wa Ituri.

Inafaa kwanza kueleza watu wenyewe, kwa sababu jina limechafuka. Neno la pwani mbilikimo lilitumiwa na wapagazi wa misafara, na kwa masikio ya wengi linabeba dharau. Wenyewe hujiita Wambuti, na ndani ya jina hilo mna makundi yanayotofautiana kwa lugha, kwa jirani na kwa silaha. Walio upande wa Epulu na Mambasa huishi kwa ujirani na Wabila, hutumia lugha yao ya Kibantu, na huwinda kwa nyavu. Waefe, upande wa mashariki na kaskazini, hukaa na Walese, husema lugha iliyo ndugu ya Kilese, ambayo si ya Kibantu kabisa, na huwinda kwa upinde. Wako pia Wasua pamoja na Wabudu, na Waasua karibu na Wamangbetu. Wataalamu wa Kijapani waliofika katika miaka ya 1970, na wa kwanza wao akiwa Reizo Harako, walipendekeza kwamba upinde ndio wa kale na kwamba wavu uliingia kutoka kwa wakulima wa Kibantu. Hoja hiyo imejadiliwa sana na haihitaji kumalizwa hapa. Jambo lenye uzito ni kwamba mtoto wa mwenye wavu na mtoto wa mwenye upinde hawaingii windoni kwa mlango mmoja.

Kwa Waefe kijana humfuata baba yake na wanaume wengine wachache. Katika uwindaji wa pamoja uitwao mota, wapiga upinde huuzunguka mwitu na mbwa huingizwa kumfukuza mnyama. Mbwa wa huko hawabweki, ndiyo sababu hufungwa njuga ya mti shingoni ili mwenyewe ajue aliko. Kijana hujifunza kusimama bila kutikisika na kuisikiliza njuga hiyo inavyokaribia. Akikosa shabaha, amekosa yeye.

Uwindaji wa wavu ni habari nyingine kabisa, na hapa panastahili kukaa kidogo. Wavu hutengenezwa kwa nyuzi za ganda la mtambaa uitwao kusa, zinazosokotwa juu ya paja mpaka ziwe kamba, kisha zikafumwa. Kimo chake ni kama mita moja hivi, urefu wake kati ya mita thelathini na mia moja. Wavu mmoja peke yake haunasi kitu cha maana. Ni lazima familia kadhaa zitoke pamoja, sita au saba angaa, ziunganishe nyavu zao kwa nusu duara kubwa ndani ya msitu, wanaume wakisimama nyuma ya nyavu, na wanawake pamoja na watoto wakitoka upande wa pili, wakipiga kelele na kuyapiga majani ili wanyama waamke na kukimbilia nusu duara ile. Mboloko akishanaswa, mwenye wavu hana budi kumwahi kabla hajajinasua. Kisha nyavu hukunjwa, watu husogea, na kazi huanza tena mahali pengine, mara kadhaa mpaka alasiri. Kabla ya hayo yote, asubuhi, vijana hutangulia na kuwasha moto chini ya mti mmoja kando ya njia, na wawindaji hupita hapo.

Katika mpango huo mtoto hakosi kazi. Akiwa mdogo yumo mgongoni mwa mama yake, upande wa wanaofukuza. Akianza kukimbia mwenyewe, yuko palepale, akipiga kelele na wenzake. Kwa hiyo itakuwa kosa kufikiri kwamba windo la kwanza la Mmbuti ni siku ya kuingia mahali asipopajua. Amezijua kelele na harufu za windo tangu akinyonya. Kinachobadilika ni upande. Inakuja asubuhi moja ambapo kijana wa kiume hatokei tena pamoja na mama yake; anatembea na baba yake, au na ndugu wa baba yake, upande wa nyavu, na kwa mara ya kwanza anaisikia sauti ya mama yake kutoka mbele, ikimletea mnyama. Jambo hilo dogo la mahali pa kusimama lina maana zaidi kuliko mkuki anaoushika.

Binti naye anayo siku yake, ingawa vitabu vingi vimempita haraka. Hahami upande, ila huacha kukimbia ovyo na watoto na kushika nafasi katika mstari wa wanawake, ambao lazima uende sawa, usiwe na pengo ambalo mnyama atalipitia kurudi nyuma. Akiliacha pengo, windo la watu wote limeharibika. Jioni, mzigo wa nyama humo kikapuni mwake au mwa mama yake. Utafiti wa Robert Bailey na Robert Aunger uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba tofauti kati ya wenye wavu na wenye upinde haielezeki bila kuitazama kazi ya wanawake na faida wanayoipata kwingine, hasa mashambani mwa wanakijiji. Msomaji aliyelelewa kwa methali za kumsifu mwindaji dume peke yake ana haja ya kulikumbuka hilo.

Je, baba hufundisha? Kiswahili kina kitenzi cha kale kufunda, ambacho ni ndugu wa fundi, mwanafunzi na mafundisho. Pwani neno hilo huleta picha ya somo ameketi na mwari wake, akimwambia maneno ambayo lazima yashikwe. Baba wa Kimbuti haketi hivyo. Colin Turnbull, Mwingereza aliyefika Epulu mara ya kwanza mwaka 1951 na kurudi mwaka 1954 na tena mwaka 1957, ameandika kwamba baba humtengenezea mtoto wake upinde mdogo wenye mishale butu, na pengine humpa kipande cha wavu chakavu. Mtoto na wenzake hufungua uwanja wao wa michezo pembeni mwa kambi na kuwinda humo chura, kuku na hata wao kwa wao. Hakuna mtihani. Makosa hufanywa na kuchekwa wakati ambapo hayajamnyima mtu chakula.

Jambo hili limepimwa kwa hesabu, si kwa Wambuti bali kwa jamaa zao wa mbali, Waaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Barry Hewlett na Luigi Luca Cavalli-Sforza walichapisha mwaka 1986 matokeo ya kuwahoji watu 72 kuhusu stadi 50, kila mmoja akiulizwa alijifunza kwa nani. Karibu asilimia 80 ya majibu yalitaja wazazi. Na mtoto wa miaka kumi alikuwa tayari anazijua nyingi za stadi hizo. Tarakimu hizo zinashangaza mtu aliyezoea kusikia kwamba mtoto wa Kiafrika hulelewa na kijiji kizima. Msituni, kambi nzima humtazama mtoto, humlisha na humkanya, lakini mkono unaomwonyesha jinsi ya kufunga kamba ya wavu kwenye mche mara nyingi ni wa baba au wa mama yake.

Upande wa savana historia inasema vingine, na kulinganisha kutasaidia. Katika masimulizi ya Waluba, Mbidi Kiluwe ni mwindaji wa kifalme atokaye mashariki, mwenye adabu ya kula na kunywa ambayo Nkongolo haijui. Anazaa, kisha anaondoka kabla mtoto hajazaliwa. Kalala Ilunga anakulia kwa Nkongolo, na baadaye tu ndipo anapomkimbilia baba yake na kurudi na jeshi. Chibinda Ilunga, ambaye jina lake lenyewe lamtaja kuwa mwindaji, anaondoka Uluba na kwenda kumwoa Ruwej wa Walunda, na wachongaji wa Kichokwe wamemfanya awe maarufu hata katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Katika masimulizi yote mawili uwindaji ni mlango wa utawala, na mwindaji ni mgeni anayekuja peke yake. Baba hamfundishi mwana kuwinda. Anamwachia damu tu. Kwa Wambuti mambo ni kinyume: mwindaji hawezi kuwa peke yake, na uwindaji haumpi mtu utawala wowote. Pengine ndiyo sababu wanahistoria wa falme waliwapita Wambuti pembeni kwa muda mrefu, maana hawakuwa na mfalme wa kuorodheshwa.

Adhabu ya anayesahau hilo imesimuliwa na Turnbull katika kitabu chake cha mwaka 1961. Mtu mmoja aitwaye Cephu, akiona hapati kitu, alikwenda kwa siri kuuweka wavu wake mbele ya nyavu za wenzake ili awe wa kwanza kuwapata wanyama waliokuwa wakikimbia. Alipojulikana, hakupigwa wala hakupelekwa kwa chifu. Alichekwa, alinyimwa kiti na vijana, aliambiwa kwamba si mtu bali mnyama, na nyama yake ikachukuliwa. Alilia. Kwa kijana aliyekuwa akitazama, somo hilo lilitosha kwa maisha yake yote: wavu wako ni wako, lakini mahali pa kuuweka si pako.

Kuna pia alama. Kijana anapomwua mnyama wa kweli kwa mara ya kwanza, yaani si panya wala ndege, wanaume wa kambi humchanja chale ndogo kwenye paji la uso na kuzipaka majivu yaliyochanganywa na dawa ya msituni. Turnbull alishuhudia kijana mmoja akichanjwa hivyo: mstari mmoja juu ya kila jicho, na mwingine katikati. Tangu hapo aliitwa mwindaji. Ili kuielewa alama hiyo lazima itazamwe pamoja na nkumbi, yaani tohara ya wanakijiji, ambamo watoto wa Kimbuti huingizwa pamoja na watoto wa Kibila wakiwa na umri wa miaka tisa hadi kumi na mbili. Wanakijiji huamini kwamba mtoto atokaye nkumbi amekuwa mtu mzima, na kwamba kwa njia hiyo amefungwa kwao na kwa wahenga wao. Mtoto wa Kimbuti huyavumilia yote, hurudi kambini, na baada ya saa chache yuko tena na mama yake kama mtoto. Kijijini ni mtu mzima, msituni bado. Utu uzima wake wa pili, ule anaouamini mwenyewe, unamngoja nyuma ya wavu wa baba yake. Turnbull aliyapenda mno maelezo hayo ya dunia mbili, na wengine baada yake wamemlaumu kwa kuichora mipaka iliyonyooka kupita kiasi. Hata hivyo kuhusu windo la kwanza lawama hizo hazimgusi sana, kwa sababu Paul Schebesta, padri wa Kiaustria aliyepita Ituri kuanzia mwaka 1929 na ambaye hawakukubaliana kwa mengi, naye aliona kwamba moyo wa maisha ya Wambuti haumo kijijini.

Kiswahili kiliufikia msitu huo kwa njia ya pembe za ndovu. Stanley alipoupita mwaka 1887, akiwa na mamia ya wapagazi wa Zanzibar, aliwakuta tayari Waungwana wamefanya makao yao kando ya mto Ituri: Uledi Balyuz, ambaye yeye alimwandika Ugarrowwa, na Kilonga-Longa kule Ipoto. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru la Kongo na wafanyabiashara hao, watu wao wengi hawakurudi Maniema. Walikaa, wakalima, wakaoa, na lugha yao, Kingwana, ikawa lugha ya soko na baadaye ya barabara. Mmbuti akaongeza Kiswahili juu ya lugha ya jirani yake. Pamoja na Kiswahili yakaja matakwa mapya. Nyama ya mboloko huliwa na kwisha kambini jioni ileile, lakini pembe ya ndovu haililiki. Inahifadhika, inahesabika, inadaiwa. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza windo la msituni lilipopata mteja asiyekuwapo.

Mteja wa pili alitoka katika majumba ya makumbusho. Mwaka 1900 Harry Johnston alipata vipande vya ngozi yenye milia ambavyo watu wa msituni walikuwa wamevifanya mikanda, na mwaka 1901 mnyama huyo akatangazwa kwa wataalamu wa London, kwanza akidhaniwa kuwa jamaa ya punda milia. Ulimwengu ulisema okapi amegunduliwa. Maneno hayo yanastahili kutazamwa kwa jicho la mwanaisimu: jina lenyewe, okapi, limetoka midomoni mwa watu wa msitu huo, na ngozi ilikuwa tayari imekatwa na kuvaliwa. Kuna baba aliyemwonyesha mwanawe nyayo za okapi kabla ya London kuwa na jina lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kituo cha kuwakamata okapi kilianzishwa Epulu kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo, na waliofuata nyayo na kuchimba mashimo walikuwa Wambuti. Ujuzi wa windo la kwanza ukawa kazi ya mshahara.

Utawala wa Kibelgiji haukuuvunja uwindaji wa nyavu moja kwa moja. Ulifanya jambo la polepole zaidi, yaani barabara. Wanakijiji walihamishwa wakapangwa kando yake, wakalimishwa pamba, na kambi za Wambuti zikawa zikiwasogelea kwa sababu ya ndizi, chumvi na vyuma. Baada ya uhuru, na baada ya maasi ya Simba ya mwaka 1964 ambayo yaliwakimbiza watu wengi wa barabarani mpaka ndani ya msitu, serikali nayo ilitaka Wambuti wakae kando ya barabara na kulima kama raia wengine. Lakini kilichobadilisha windo zaidi ya amri zote ni mnunuzi wa nyama.

John Hart, aliyeingia Ituri mwanzoni mwa miaka ya 1970, alilieleza jambo hili vizuri katika makala yake ya mwaka 1978. Wafanyabiashara walianza kuja wenyewe kambini, ndani kabisa ya msitu, wakibeba unga wa muhogo, mchele, tumbaku na nguo, na kuvibadilisha kwa nyama papo hapo, kisha huikausha na kuipeleka barabarani. Kwa mtazamo wa hesabu Wambuti hawakupata hasara: unga una nguvu zaidi tumboni kuliko nyama iliyoondoka. Lakini waliwinda siku nyingi zaidi na kwa saa nyingi zaidi. Mgawo nao ulipinduka. Zamani mnyama alikuwa wa mwenye wavu, na sehemu zinazojulikana zilikwenda kwa aliyemwua, kwa waliosaidia, na jioni kwa vyungu vingine vyote. Mnunuzi aliyeketi kando ya moto akingoja humtaka mnyama mzima. Kijana aliyechanjwa chale siku hiyo anaweza kuona windo lake la kwanza likipimwa kwa vikombe vya unga kabla mama yake hajaligusa. Hakuna aliyeandika namna wazazi walivyolijibu hilo moyoni, lakini walilijibu kwa vitendo: watafiti wa miaka iliyofuata waliendelea kuona kichwa, matumbo na vipande vingine visivyouzika vikigawanywa kwa utaratibu uleule wa zamani. Sheria ya ugawaji ilinusurika kwa kuhamia kwenye sehemu ambazo soko halikuzitaka.

Mwaka 1992 ikaanzishwa Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, yenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 13,700, na mwaka 1996 UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia. Mwaka mmoja tu baadaye ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hifadhi hiyo, tofauti na mbuga nyingine za Kongo, haikukusudiwa kuwatoa watu. Wambuti waliruhusiwa kubaki na kuwinda kwa njia za kimila, ila si mahali popote, wala si mnyama yeyote. Kwa hiyo baba wa miaka ya 1990 alikuwa na somo moja zaidi la kumpa mwanawe kuliko babu yake: mpaka usioonekana ardhini, ambao hauna mto wala kilima.

Vita vilikuja juu ya hayo. Mwishoni mwa mwaka 2002 majeshi ya waasi yaliyokuwa yakielekea Beni yalipita Mambasa katika operesheni ambayo wenyewe waliipa jina la kufuta ubao. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulieleza hadharani mauaji na unyama waliofanyiwa raia, Wambuti wakiwemo, na kwamba askari walikuwa wakiwatuma watu wa msituni kuwawindia nyama kwa nguvu. Pembe ya ndovu ilikuwa imempa windo mteja wa mbali, na mnunuzi wa unga alimleta mpaka kambini. Sasa mteja alikuwa na bunduki. Mwezi wa sita wa mwaka 2012 kituo cha Epulu kilishambuliwa na wanamgambo, watu wakauawa, na okapi wote 14 waliokuwa wakifugwa pale wakapigwa risasi.

Wachimbaji dhahabu nao wameleta mitego ya waya, ambayo haichagui, haichoki, na haihitaji mtu wa pili. Kwa historia ya malezi, waya huo ni adui mkubwa kuliko bunduki. Mtego wa waya huweza kutegwa na kijana mmoja, bila mama wa kufukuza wala mjomba wa kushika wavu wa jirani. Akipata, amepata yeye, na akisahau mahali alipoutega, mnyama huoza. Hakuna Cephu katika uwindaji wa waya, kwa sababu hakuna mstari wa kuuvunja.

Si Ituri peke yake. Huko Kivu ya Kusini, Watwa waliondolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega baada ya mbuga kuundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na hawakuachiwa hata sehemu ya kuwinda. Mwezi wa nane wa mwaka 2017 baba mmoja wa Kitwa aliingia humo na mwanawe wa miaka 17 kutafuta majani ya dawa. Walinzi wa mbuga waliwafyatulia risasi. Kijana akafa, baba akajeruhiwa. Hawakwenda kuwinda. Lakini kila mzazi wa msituni aliyeisikia habari hiyo alielewa kwamba kumshika mtoto mkono na kumwonyesha msitu wa babu zake kumekuwa jambo ambalo mtu huweza kulifia.

Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayohusu ulinzi na uendelezaji wa haki za Wenyeji Mbilikimo, ni ya kwanza ya aina yake nchini. Inatambua haki zao juu ya ardhi na maliasili wanazozitumia kimila, na inaheshimu desturi zao. Jina lenyewe la watu hao katika sheria, kwa Kifaransa, lingali lile la kimo. Sheria ya uhifadhi ya mwaka 2014 ingali ipo vilevile, na ile ya uwindaji ya mwaka 1982, inayomdai mwindaji kibali, iliandikwa na watu waliomfikiria mtu mwenye bunduki na anwani. Mahakama itakayozipatanisha italazimika kujibu swali ambalo bunge halikulitaja: haki ya kuwinda kimila ni haki ya kula nyama tu, au ni pamoja na haki ya kumchukua mtoto? Maana mtoto naye amepangiwa kwingine. Shule hufunguliwa mwezi wa tisa na kuendelea mpaka wa saba. Kiangazi, wakati nyavu zinapotoka vizuri, kinaangukia katikati ya mwaka wa masomo, na msimu wa asali, kambi nzima inapohamia ndani, huwahi kufika kabla ya likizo. Mwalimu huandika kwamba mtoto wa Kimbuti ni mtoro. Baba huona kwamba mtoto aliye darasani mpaka miaka kumi na mitano atasimama nyuma ya wavu akiwa mrefu kuliko wenzake na mjinga kuliko wote.

Katika kambi zilizo bado na nyavu, wavu wa baba hauishi kwa siku moja. Hukatika kwenye miiba, hutafunwa na wanyama walionaswa, huoza kwa mvua, na mwenyewe hukaa jioni akisokota kusa mpya na kuziba matundu. Kipande kilichochakaa zaidi hukatwa na kutupwa kando ya moto, na asubuhi hakipo: watoto wamekichukua, wamekifunga kati ya miche miwili pembeni mwa kambi, na mmoja wao, ambaye leo ni zamu yake kuwa mboloko, ameanza kukimbia.